Baridi Aliyengoja Mboga

Paukwa!

Pakawa!

Hee, mmeitika kama watu walioamshwa katikati ya mahubiri. Sogeeni motoni. Na wewe uliyejifunga blanketi peke yako, mgawie mwenzio, Mungu anakuona. Tena: Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, zamani ambazo milima yetu hii ilikuwa bado inajifunza kusimama wima, Baridi alikuwa mtu. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye blanketi jeupe na pua inayochuruzika bila kukoma. Akikohoa, maji ya mtungini yanaganda. Akikushika mkono kukusalimu, mkono huo unarudi nao nyumbani lakini haukusaidii kitu mpaka jioni.

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Baridi alipanda mlima kuja kututembelea. Watu walimpa kigoda barazani, wakavumilia. Miti ilipoanza kutoa majani machanga, yeye mwenyewe alikunja blanketi lake akasema, "Basi wanangu, mimi niende." Nao walimjibu kama watu wenye adabu wanavyojibu: "Ah, mzee, mapema hivyo? Si ukae kidogo?" Baridi alicheka, akaenda zake, na kila mtu akashika jembe akakimbilia bustani yake nyuma ya jiko.

Ndivyo ilivyokuwa, mpaka mwaka wa Ikupa.

Ikupa alikuwa mwanamke mcha Mungu, na bustani yake iliwaumiza watu macho kwa wivu. Alikuwa na matuta ya mchicha, matuta ya mnavu, na maboga yaliyotambaa mpaka juu ya paa la choo, hata aliyeingia chooni alitoka akisifu. Alisali asubuhi na jioni, na sala zake zote alizimalizia hivi: "Na uwabariki jirani zangu, Bwana, ingawa mchicha wao umedumaa."

Kasoro yake ilikuwa hii: hakuweza kumwambia mtu neno kavu. Ukimpikia ugali mbichi, anaomba aongezwe. Ukimwonyesha mtoto mwenye sura kama kisigino, anasema, "Jamani, huyu malaika kamfuata nani?" Ulimi wake ulikuwa na asali, na asali haikuwa na kifuniko.

Mwaka huo miti ilitoa majani machanga. Baridi akakunja blanketi, akashuka njia ya kurudi kwao. Nyumba ya mwisho njiani ilikuwa ya Ikupa. Akamkuta ameinama anaondoa magugu, kibuyu cha mbegu kiko kiunoni.

"Binti yangu, ndiyo naondoka hivyo."

Kusema tu "nenda salama" Ikupa aliona ni ukavu mno. "Mzee wangu!" akasema. "Utaondokaje hujaonja mboga zangu? Hapana, hapana, hapana! Watu watanisemaje? Kaa mpaka ule mchicha wa bustani hii."

Akasema hivyo huku amekwisha kugeuka kuendelea na magugu yake.

Baridi akasimama. Tangu aumbwe, watu walimwambia "kaa kidogo," lakini hakuna aliyewahi kumtajia chakula. Machozi yakamtoka, yakaganda mashavuni.

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli kabisa, baba!"

Baridi akalikunjua blanketi lake jeupe, akalitandaza ukingoni mwa tuta, akaketi.

"Basi nipo," akasema. "Mimi sina neno. Nangoja mboga tu."

Ikupa akapanda mbegu. Miche ikatoa vichwa, ikamwona mgeni, ikafa. Asubuhi umande uliganda juu yake, mweupe kama chumvi iliyomwagwa, na jua lilipopanda kila mche ulilala chini kama uzi uliolowa.

Ikupa akapanda tena. Ikafa tena. Jirani nao walipanda, yao ikafa, wakapanda, ikafa. Mzee yule alikuwa na blanketi pana. Lilikaa ukingoni mwa tuta moja lakini pindo zake zilifika kila bustani. Wenye kunde walikosa kunde, wenye mnavu walikosa mnavu. Mwisho wake vibuyu vyote mlimani vikawa vitupu. Ukitikisa, vinakunyamazia. Ilibaki konzi moja tu ya mbegu za mchicha, ndani ya kibuyu cha Ikupa. Hiyo nayo ikifa, mlima mzima utakula ugali kwa chumvi, na chumvi ikiisha watakula ugali kwa kuutazama.

Ikupa akaenda kwa mgeni, meno yakigongana. "Mzee wangu, mwaka huu mboga zinachelewa kidogo."

"Wala usihangaike, mwanangu," Baridi akasema, akijifuta pua. "Mimi sina neno. Nangoja mboga tu."

Mmeuona ubaya wake? Akikaa, mboga haioti. Na mboga isipoota, haondoki.

Watu wakamjia juu Ikupa. "Wewe na mdomo wako! Nani alikutuma kumkaribisha chakula?" Ikupa akainamisha kichwa. Lakini alipowaambia, "Basi nendeni mkamwambie aondoke," kila mmoja alikumbuka kazi nyumbani. Kumfukuza mgeni! Nani aanze? Waliona heri kufa kwa njaa na sifa zao njema.

Jogoo ndiye aliyejitokeza kwanza. Huyu alikuwa ndiye mwombaji wao mkuu, kifua mbele, kishungi kichwani, sauti ya kuamsha kaburi. "Jambo hili ni la maombi," akasema. "Tukutane bustanini."

Wakakutana. Jogoo akafumba macho akaanza kuomba. Aliomba kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu. Alipofika kwenye gharika, vidole vya watu vilikuwa vimekufa ganzi. Alipokaribia kutaja haja yenyewe, akaona haya kumsema mgeni naye yupo palepale, akapitia pembeni: "Na yule, ewe Mola, ambaye unamjua, kwa jambo lile, unalolijua, ulitende kama unavyojua."

"Amina!" ikaja sauti kubwa kuliko zote. Ilikuwa ya Baridi. Alikuwa amepiga magoti nyuma yao, mcha Mungu kuliko wote, na pumzi ya amina ile ilikigandisha kishungi cha Jogoo kikasimama kama shoka.

"Maombi mazuri sana," akasema Baridi. "Nami naombea mboga. Mimi sina neno. Nangoja mboga tu."

Nacheka, Mungu anisamehe. Tuendelee.

Baada ya Jogoo akaja Jumbe Mwasenga, mkuu wa pale, mtu mwenye kitambi na fimbo. "Mambo haya yanataka wazee wenye maneno," akasema. Akachukua wazee wenzake wakaenda kukaa na Baridi. Wakamjulia hali. Wakamwuliza habari za kwao. Wakamwuliza kama huko kwao hawajambo, kama hawamkumbuki, kama paa la nyumba yake halivuji.

"Halivuji," akasema Baridi.

"Paa huweza kuvuja ghafla," akasema Jumbe.

"Kweli," akasema Baridi.

Wakakohoa. Mwisho Jumbe akasema, "Basi mzee, tulipita tu kukuona," na kwa kuona aibu ya kuja mikono mitupu, akavua koti lake akampa. Akarudi nyumbani anatetemeka kitambi chote.

"Ulimwambia?" watu wakauliza.

"Nimemwambia kwa mbali," akasema Jumbe.

"Kwa mbali kiasi gani?"

"Kwa mbali mno."

Ndipo Ikupa akasema, "Tumsindikize! Mgeni akisindikizwa atajua ameondoka." Wakalipenda wazo hilo. Wakaja wengi, mmoja akabeba blanketi, mwingine akabeba kigoda, wakasema, "Mzee, twende tukunyooshe miguu." Wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka mtoni, kwenye mawe ya kuvukia, mahali ambapo kila mwenyeji huagana na mgeni wake. Jua likatoka nyuma yao. Watu wakakonyezana.

Baridi akatazama mto, akatazama watu, akaguswa moyo. "Mmenitoa mbali hivi, halafu niwaache mrudi peke yenu? Mimi nimelelewa, jamani. Haiwezekani." Akachukua blanketi lake akawasindikiza kurudi. Mpaka mlangoni kwa Ikupa! Nao, kwa kuwa mtu aliyekusindikiza huwezi kumwacha mlangoni hivihivi, wakamtoa tena mpaka mtoni. Naye akawarudisha tena. Wakaenda, wakarudi, wakaenda, wakarudi, mpaka Jumbe akaketi njiani akalia.

"Raha gani hii," akasema Baridi, akijinyoosha ukingoni mwa tuta lake. "Sijapata kupendwa hivi. Mimi sina neno. Nangoja mboga tu."

Ikupa akaingia ndani akapiga magoti. Safari hii hakutaja mchicha wa mtu. "Bwana," akasema, "nilimwambia akae, na moyoni sikutaka akae. Ni uongo, nao nilipaka asali. Nionyeshe pa kutokea."

Akainuka akatoka nje, akatazama. Kila kitu kilikuwa cheupe: paa jeupe, uzio mweupe, maboga yaliyokauka juu ya choo meupe. Mahali pamoja tu palikuwa peusi, tena pakifuka moshi mwembamba. Palikuwa zizi la Mbuzi.

Mbuzi huyu watu walimkwepa. Hakuwa na adabu. Alicheua mbele ya Jumbe, alijamba wakati wa sala, na kila jambo aliliita kwa jina lake. Ikupa alimkuta amelala juu ya lundo lake mwenyewe, macho yamelegea kwa raha, na pembeni ya lundo limeota jani la kijani. Jani bichi, hai, linalong'aa!

"Mbuzi!" Ikupa akasema. "Hugandi?"

"Nigande kwa nini?" akasema Mbuzi. "Nyinyi mmegandishwa na adabu. Mimi sina adabu, nina joto. Weka mkono hapa chini uone."

Ikupa akaingiza mkono kwenye lundo. Lilikuwa na moto kama uji uliotoka kuepuliwa.

"Ndugu yangu Mbuzi," akaanza kwa sauti ya asali, "kama haitakuwa usumbufu, naomba kile kitu chako."

"Kitu gani?"

"Kile cha… kile unachotujalia huku nyuma."

"Sikusikii."

"Ile samadi yako, ndugu."

"Samadi ndiye nani? Hapa hakai mtu wa jina hilo." Mbuzi akacheua taratibu. "Mama, sema unachotaka. Ukisema kama mtu, nitakupa. Ukisema kama barua ya posa, utaondoka hivyohivyo."

Ikupa akatazama kushoto, akatazama kulia. Akafumba macho. "Mavi!" akapiga kelele. "Nataka mavi! Nataka mavi yako yote!"

Juu ya uzio Jogoo akaanguka chali kwa mshtuko.

"Alaa!" akasema Mbuzi, akiinuka. "Kumbe unajua kusema. Chukua, mama. Na yakipungua, niletee majani, nitaongeza."

Basi Ikupa akafanya kazi. Akachimba shimo ndani ya zizi lilelile. Akalijaza mavi mabichi ya Mbuzi na nyasi, akakanyaga kwa miguu, akanyunyiza maji, akaacha. Likafuka. Lilipokuwa na moto mkali akangoja, maana mbegu huweza kuungua kama ziwezavyo kuganda. Lilipotulia, likabaki na vuguvugu la kifua cha kuku anayelalia mayai, akatandaza udongo mwembamba juu. Kisha akafungua kibuyu.

Konzi ile ndiyo ilikuwa mboga yote ya mlimani, iko ndani ya kiganja chake, nyeusi, ndogo kama baruti. Watu walisimama nje ya uzio. Ikupa akamwaga. Akafunika kwa nyasi.

Kila jua lilipokuchwa alifunika, kila jua lilipopanda alifunua. Baridi alikuja mara moja kuchungulia, akafika mlangoni mwa zizi, akavuta pumzi, akafunika pua kwa blanketi. "Mwanangu, humo kuna harufu gani?" Alikuwa mzee msafi, hakurudi tena.

Na mbegu zikaota. Zikatoa vichwa, zikatazama huku na huku, hazikumwona mgeni, zikainuka. Zikawa majani mawili, zikawa majani manne, zikawa mchicha! Mbuzi alifungwa kamba upande wa pili, mate yakimdondoka.

"Niruhusu nionje jani moja," alisema.

"Hapana," akasema Ikupa.

Mbuzi akamkodolea macho. "Umesema hapana?"

"Nimesema hapana."

"Bila ndugu yangu, bila kama haitakuwa usumbufu?"

"Hapana."

"Unakua, mama," akasema Mbuzi, akalala.

Ikupa akachagua miche minene akaiacha izae mbegu kwa ajili ya mlima mzima. Mingine akaichuma, akaikatakata, akaiunga kwa karanga. Harufu ikatembea nyumba kwa nyumba. Watu wakaja wote na matumbo yao yakinguruma. Ikupa akapita katikati yao na bakuli, hakumpa mtu hata kijiko, akalipeleka ukingoni mwa tuta.

"Mzee wangu, mboga yako hii."

Baridi akapokea kwa mikono miwili. Akala. Moto wa mboga ukamshuka kooni, masharubu yakaanza kudondosha maji, mashavu yakapata rangi. Akalamba bakuli ndani, akalamba nje. Kisha akaweka chini, akakunja blanketi lake polepole, akasimama.

"Nimekula," akasema. "Nimeshiba. Basi, wanangu, mimi niende."

Hakuna aliyesema kitu. Baridi akainua mguu.

Na Jumbe Mwasenga, jamani, Jumbe Mwasenga mwenye koti lililokwishaondoka, akafungua mdomo. Hakukusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote.

"Ah, mzee," akasema, "mapema hivyo?"

Baridi akashusha mguu. Uso ukamng'aa. "Kweli? Nikae?" Akaanza kulikunjua blanketi. Pindo la kwanza likagusa tuta, na kule zizini majani ya mchicha wa mbegu yakaanza kujikunja.

"Usikae!" akasema Ikupa.

Watu wakashika vichwa. Ikupa akamtazama mgeni usoni.

"Usikae, baba. Jumbe amekudanganya, na mimi ndiye niliyeanza. Siku ile nilikwambia kaa, na moyoni nilikuwa nasema nenda. Nilisema mchicha kwa sababu mdomo wangu haujui kufunga. Ukikaa, tutakufa kwa njaa. Nenda, baba. Nenda sasa hivi."

Baridi akasimama na blanketi nusu limekunjwa, nusu limekunjuka.

"Miaka yote hii," akasema taratibu, "kila nikiaga mnaniambia kaa kidogo. Njia nzima nilikuwa natembea nikisema, wale watu wa mlimani wananipenda. Kumbe mlikuwa mnasubiri niishie kwenye kona?"

Watu wakatazama miguu yao. Jogoo akaanza kuomba kimyakimya.

"Ndiyo," akasema Ikupa.

"Na mboga? Nayo ilikuwa ya mdomo?"

"Mboga haikuwa ya mdomo. Nilipanda, ikafa. Nikapanda, ikafa. Nikapanda kwenye mavi ya Mbuzi kwa mbegu ya mwisho niliyokuwa nayo, ili wewe ule. Hiyo ni kweli yote."

Baridi akageuka akamtazama Mbuzi. "Kwenye nini?"

"Yangu," akasema Mbuzi kwa fahari.

Baridi akatazama bakuli. Akajilamba midomo, akafikiri. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka barafu ya masharubu yake ikamwagika chini kama punje za mahindi.

"Hii ndiyo mboga tamu kuliko zote nilizowahi kula," akasema, "na hili ndilo neno la kwanza la kweli nililowahi kuambiwa mlima huu. Nitakuja mwakani kama kawaida. Lakini wakati wangu ukiisha, binti yangu, msinipake asali. Njoo wewe mwenyewe, simama kwenye tuta lako, uniambie nenda."

Akalikunja blanketi lake lote, pindo hadi pindo. Akamrudishia Jumbe koti. Akashuka mtoni, akavuka mawe, hakuna aliyemsindikiza. Nyuma yake umande ukayeyuka ukawa maji, na kwenye choo cha Ikupa boga moja lililodhaniwa limekufa likatoa chipukizi.

Ndiyo maana mpaka leo huku kwetu, baridi ikizidi siku zake, mwenye bustani husimama juu ya tuta lake asubuhi akapiga kelele, "Nenda!" Haoni haya hata kama mchungaji anapita. Na ndiyo maana kabla ya kupanda tunaenda zizini kwanza, na Mbuzi hutupa alichonacho, huku ametuinulia kichwa kama mtu aliyekomboa nchi.

Mavuno yalipokuja, Mbuzi alikata kamba akala nusu ya bustani. Ikupa akamfuata na ufagio akimwita kwa majina yake yote, na hakuna hata jina moja lililokuwa na asali.

Hadithi yangu imeishia hapo. Moto umekwisha, macho yangu yamekwisha, na kesho nina matuta ya kulima. Nawapenda wote kwa upendo wa Bwana. Mimi siwaambii mkae kidogo. Nendeni!